Tunda la Msonobari Juu ya Kiti cha Beryl

Na ijulikane kwa kila mwenye masikio, bwana na mtwana, aliyelipa kiingilio na aliyejipenyeza kwa nyuma na mbwa wake: kwamba Ngome ya Thornlow, iliyojengwa kwa mawe na jasho la watu wengine huku mpakani mwa Uingereza na Wales, yenye minara minne, handaki la maji, geti la kushushwa kwa minyororo na choo kilichoning'inia ukutani kama kiota cha mbayuwayu, imesimama miaka mia saba na ushei bila kubomolewa na adui yeyote, na kwamba chumba cha juu ya lango lake kuu, ambacho ndicho roho ya ngome, kiko leo chini ya ulinzi wa Beryl Prosser, mjane wa marehemu Clifford, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mwenye goti bovu na macho mazima.

Hilo la kutobomolewa lina aibu yake kidogo. Ngome za majirani zilipigwa mizinga zikabaki magofu, na kondoo wanalala palipokuwa ukumbi wa karamu. Thornlow ni nzima kwa sababu akina Lanthorne, ukoo ulioimiliki tangu jiwe la kwanza, walijaliwa kipaji kimoja: walimfungulia mlango kila aliyebisha. Walikuja watu wa mfalme, wakafunguliwa. Wakaja mabaroni waliomwasi mfalme, wakafunguliwa nao, wakapewa vitanda ambavyo watu wa mfalme walikuwa hawajaviacha vikapoa. Katika vita vya mfalme na bunge, jemadari wa bunge alifika na mzinga uliokokotwa na maksai, akamkuta Bibi Lanthorne wa zama zile kasimama darajani na sinia la pai za nguruwe. Jemadari akala. Mzinga haukulia. Huo ndio ushujaa wote wa Thornlow, na ndiyo maana paa lake halivuji.

Beryl hakuipenda historia hiyo, kwa hiyo hakuisimulia. Alichopenda yeye ni wale mafundi. Kwa maoni yake, watu waliojenga ngome ile ndio pekee katika kaunti nzima waliokuwa na akili timamu, kwa sababu hawakumwamini mtu.

"Tazameni wenyewe," alikuwa akiwaambia wageni waliopanda kwake wakihema. "Mlango ni mmoja tu. Ukivuka daraja unakuta geti la mwaloni lililovishwa chuma. Ukilipita hilo unaingia kwenye ujia mwembamba, na mbele kuna geti la pili. Wanashusha la mbele, wanashusha la nyuma. Umenaswa kama panya. Ukitazama juu unaona matundu darini. Na juu ya matundu kuna mtu ana chungu cha maji yanayotokota." Hapo alikuwa anakipiga kofi kiti chake. "Mtu mwenyewe alikuwa anakaa hapa hapa nilipokaa mimi."

Wageni walitazama matundu sakafuni, wakamtazama yeye, wakasogea nyuma hatua moja.

Alikuwa hivyo tangu zamani. Alipokuwa mpishi, hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya kwamba hajapata pudini. Nyumbani alikuwa akifunga mlango, anafika kwenye geti, anarudi kuutikisa kitasa. Jirani akimletea nyanya za bustanini, aliziweka dirishani siku mbili azichunguze nia. Siku ya mazishi ya Clifford, wakati kasisi anamsifia marehemu, Beryl alikuwa anawahesabu kwa macho waliokuja kwa ajili ya marehemu na waliokuja kwa ajili ya sandwichi. Clifford mwenyewe, aliyekuwa fundi wa mitaro, alikuwa akisema mkewe angemwomba Malaika Gabrieli kitambulisho.

Lakini Clifford alikuwa amekufa, na kanyumba kao ka pale barabara kuu kalikuwa na sauti moja tu iliyobaki, ya friji. Friji lile lilikuwa likinguruma, linanyamaza, linanguruma tena, na Beryl alikuwa anakaa akilisubiri. Ndipo Desmond Mapstone, rafiki wa marehemu na mkata tiketi wa Thornlow, akamwambia ngome inatafuta watu wa kujitolea. Akapewa chumba cha lango. Humo mlikuwa na winchi kubwa ya kuvutia geti, matundu sakafuni, dirisha jembamba la kurushia mishale, na hita ya umeme, ambayo ndiyo pekee katika ngome nzima. Kiti hakikuwemo, basi Desmond akaenda ghala la makaa akaburura kimoja kipana, cheusi, kizito kama deni la ukoo, akakiweka kando ya hita. Beryl akatia mto wake. Tangu hapo, ukimwondoa pale ungekuwa umemrudisha kwenye friji.

Thornlow hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa Aprili. Mwaka huo, siku ya kufungua, Beryl alipanda ngazi za mnara, zile za kuzunguka zenye kidato kimoja kirefu kuliko vingine. Wapo wasemao fundi alikosea tu. Beryl hakuamini kwamba fundi hukosea. Fundi huwa na lake. Akakiruka kidato, akasukuma mlango, akawasha hita, akageuka akae.

Juu ya kiti kulikuwa na tunda la msonobari.

Ili uelewe kwa nini mwanamke yule alisimama kama aliyeona nyoka, lazima ujue adabu za kwao. Katika majumba ya kale ya nchi ile, kumwambia mtu "usikae hapo" ni ufidhuli. Kubandika maandishi ni ufidhuli wenye gundi. Basi kiti kisichotakiwa kukaliwa huwekewa tunda la msonobari, kavu, lenye magamba ya mti, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mwingereza akiliona hukohoa kidogo, ni kama anakiomba radhi kiti, kisha huenda kusimama karibu na dirisha. Kulinyanyua hakumjii akilini, kama vile wewe usivyofikiria kuhamisha jeneza ili upate pa kuweka sahani. Beryl mwenyewe alikuwa ameyaweka kwa mkono wake kwenye viti vyote virefu vya ukumbi mkuu, na alishawaona majaji na makanali wakinywea mbele yake.

Sasa limewekwa kwake. Na mto wake haupo.

Hakuligusa. Alisimama kando ya winchi hadi jioni, goti likimpigia ngoma, akisimulia habari za maji yanayotokota kwa sauti iliyowafanya watoto wawili walie.

Mtuhumiwa wa kwanza alijileta mwenyewe. Norman Titley, mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni, alikuwa mlinzi wa kikanisa cha ngome, chumba chenye baridi ya kuhifadhia samaki. Kila saa ya chai alikuwa akipanda kwa Beryl "kupasha vidole mara moja", na mara moja yake ilikuwa ndefu.

"Leo umesimama, Bi Beryl," akasema, mikono tayari imeshakumbatia joto.

"Nimesimama."

"Vizuri. Damu inatembea."

"Nani kakwambia damu yangu ilikuwa imekaa?"

"Sijasema kitu mie, mama. Salamu tu." Akavuta kamasi. "Ila chumba kitamu hiki jamani. Kule kwangu hata mtakatifu wa kwenye kioo ana mafua."

"Utamu wake unaujua wewe."

"Joto halifichiki."

"Na tamaa je?"

Norman akacheka, kwa sababu hakujua la kufanya. Beryl aliona jambo moja tu: muda wote ule hakukitazama kiti hata kidogo. Mtu asiyekitazama kiti anakijua kiti. Alipoondoka, Beryl akamsindikiza kwa macho hadi kwenye kidato kirefu, akitumaini.

Angeweza kuuliza. Angeshuka ngazi, avuke uwanja, aingie ofisini kwa meneja mpya, Daktari Rosalind Akehurst, aseme: nani ameweka tunda kwenye kiti changu, na kwa nini? Mficha uchi hazai, husema watu wa pwani. Watu wa Thornlow wao huuficha, huukunja, huutia kwenye droo, na bado hushangaa wajukuu wametoka wapi. Kuuliza kungekuwa kujidhalilisha. Kuuliza kungemlazimisha mwingine ajibu, na jibu likishatoka mdomoni halirudi. Beryl alilijua jibu analoliogopa: umezeeka, ahsante kwa utumishi wako, tutakutumia kadi ya Krismasi. Ilimradi hajauliza, bado alikuwa mlinzi wa lango, ingawa wa kusimama.

Tena huyo Akehurst mwenyewe alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Alikuwa kijana, alivaa viatu visivyolia, na alisema "ahsante sana" kabla hujamfanyia kitu. Alikuwa daktari asiyetibu chochote, daktari wa mawe. Wiki yake ya kwanza alimwambia Beryl, kwa upole wa kuua, kwamba pengine maji yaliyomwagwa kwenye yale matundu hayakuwa ya kumtesa adui, pengine yalikuwa ya kuzima moto tu, geti likichomwa. Beryl akajibu kwamba inategemea nani yuko chini.

Siku ya pili tangu ngome ifunguliwe, matundu yale yakamfanyia kazi. Kibanda cha tiketi cha Desmond kilikuwa ndani ya ujia, chini yake kabisa, na Beryl alisikia viatu visivyolia vikisimama. Akapiga magoti, la bovu likipinga, akatega sikio kwenye tundu.

"Bi Beryl umeshamwambia?" ilikuwa sauti ya Akehurst.

"Ameelewa mwenyewe," akasema Desmond.

"Amepokeaje?"

"Amesimama."

"Masikini. Ana heshima zake."

"Shemeji yangu yule. Hana maneno."

"Ahsante sana, Desmond. Mimi nisingeweza. Nilikuwa nakosa usingizi."

Sasa mtuhumiwa hakuwa Norman peke yake. Desmond pia! Desmond aliyebeba jeneza la Clifford, aliyekula sandwichi nne lakini akalia kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa chini ya sakafu yake kinauza tiketi.

"Samahani," ikasema sauti nyuma yake. Mgeni wa kiume, koti la mvua, ramani mkononi, alikuwa anautazama upande wa Beryl ulioelekea mlangoni. "Hapo ndipo walipokuwa wanamwaga mafuta ya moto?"

"Maji," akasema Beryl bila kuinua kichwa. "Mafuta yalikuwa ghali. Na wewe nani kakutuma?"

Jioni ile alipita kwenye maegesho ya magari, ambako kuna misonobari mizee, akainama akajifanya anafunga kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Mkoba wake ulipotoka pale ulikuwa umenenepa.

Asubuhi iliyofuata, Norman Titley alipotoka kunawa mikono, alikuta tunda la msonobari katikati ya benchi lake la kikanisani. Desmond Mapstone alipogeuka kutoka kumwelekeza mama mmoja mahali pa choo, akakuta tunda juu ya stuli yake. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyeuliza. Norman alikohoa akasimama chini ya mtakatifu mwenye mafua. Desmond alilitazama tunda muda mrefu, akavua kofia, akasimama wima kama askari wa gwaride, usoni ana kitu ambacho Beryl, akichungulia tunduni, hakukielewa. Kilifanana na fahari. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Mtu akipigwa akatabasamu, ujue ana mpango.

Kisha mambo yakaanza kuota yenyewe. Siku moja baadaye, Beryl akipita uwanjani, akamwona Akehurst dirishani kwake akiandika kwenye kompyuta amesimama, kompyuta kaiweka juu ya kabati, shingo imepinda kama ya bata. Beryl hakuwa ameingia ofisi ile. Basi anajifanya, akawaza. Anatuonyesha kwamba hata yeye anasimama, ili tukitolewa tusiwe na la kusema. Kisha likaonekana tunda kwenye kiti cha choo cha wafanyakazi. Hili nalo Beryl hakuliweka, na hili lilimtisha kweli. Kuna mtu mwingine humu, akajisemea, na huyo hana mipaka. Tangu saa ile watu wa Thornlow walivuka uwanja mvuani, wakapanga foleni na watalii kwenye choo cha wageni, wakizungumzia hali ya hewa.

Norman hakuja tena kupasha vidole. Walipokutana ngazini, alijibana ukutani.

"Pita, mama."

"Pita wewe."

"Mimi sikuachii mgongo wangu."

"Kwa nini? Una nini mgongoni?"

"Najua ninachokijua."

"Hata mimi."

Wakashuka ubavu kwa ubavu kwenye ngazi iliyojengwa kwa mtu mmoja, wamebanana kama soksi kwenye kiatu, mpaka chini.

Ngome nzima ikawa imesimama. Ukuta wenye meno juu, minara minne, geti, handaki, na ndani yake watu wazima wanaobadilisha mguu wa kuegemea. Jengo lenyewe lilikuwa halijawahi kupata walinzi walio macho namna ile. Kama jemadari yule angerudi na mzinga, asingeambulia hata pai.

Hatimaye Akehurst aliita mkutano, baada ya kufunga, katika jiko la zamani ambalo siku hizi ni mgahawa, wenye meko ya kuchomea ng'ombe mzima. Beryl alipopata habari alijua ndiyo siku yenyewe. Alikwenda na ufunguo wa chumba cha lango mfukoni, ameushika kwa nguvu kiasi kwamba uliacha alama kiganjani. Alikuwa amejipangia maneno machache ya heshima. Nyumbani, kabla ya kutoka, alikuwa ametazamana na friji.

Mezani kulikuwa na birika la chai, skonzi, jamu na krimu. Viti vilikuwepo vya kutosha, na hakuna chenye tunda. Desmond aliingia akasimama nyuma ya kiti. Norman aliona Desmond kasimama, naye akasimama. Beryl hakuwa mjinga wa kukaa peke yake mbele ya maadui watatu. Akehurst akaingia na viatu vyake, akaona watu watatu wamesimama wima wanamtazama, akawa mwekundu hadi masikioni, na badala ya kukaa akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Ahsanteni sana kwa kuja," akasema.

Mvua ilikuwa inagonga bomba. Chai ikaanza kupoa, jambo ambalo kwa watu wale ni dalili ya msiba.

"Naona... mmesimama," akasema Akehurst.

"Tumesimama," akasema Norman.

"Naheshimu."

Skonzi zilikuwa zinatazamwa na hazijitetei. Goti la Beryl likapiga pigo moja lililopanda mpaka kwenye taya, na yale maneno ya heshima yote yakaanguka. Ikabaki sauti aliyokuwa akiitumia jikoni shuleni, watoto wakirushiana viazi.

"Jamani eeh! Mtoto wa miaka sita akitaka kutapika ananiambia, 'Bibi, nataka kutapika.' Ninyi watu wazima mmenishinda. Kama mnanitoa kile chumba, nitoeni kwa mdomo. Msinitoe kwa tunda."

Akehurst akapepesa macho. "Kukutoa? Bi Beryl, mimi ndiye ninayetolewa."

"Na nani?"

"Na ninyi! Au makao makuu ya shirika linaloendesha ngome. Nilikuta tunda kwenye kiti changu. Bado nipo kwenye majaribio. Nilidhani ndivyo inavyofanyika hapa."

Norman akatazama dari. "Lile la ofisini," akasema taratibu, "pengine ni mimi. Nililikuta la kwangu kanisani, nikasema huyu Daktari hataki nikae, basi na yeye ajue baridi ya kusimama."

"Na la chooni?" akauliza Beryl, amemkazia jicho.

"La chooni pia ni mimi. Lakini lile ni la haki. Kifuniko kimepasuka, kingemfinya mtu."

"Na hili la kwangu la kanisani," Norman akaendelea, akigeuka mmoja mmoja, "liliwekwa na nani?"

Beryl alinyoosha mkono akajipakia jamu.

"Ngojeni," akasema Akehurst, "ngojeni kwanza. La Bi Beryl niliweka mimi. Lakini yeye si alielezwa? Desmond?"

Wote wakamgeukia Desmond Mapstone. Mtu mzima yule alikuwa anaikunjakunja kofia yake kana kwamba anaikamua.

"Desmond," akasema Beryl. "Nielezwe nini?"

"Shemeji, mimi ningeanzia wapi?"

"Anzia mwanzo."

"Nimwambie mwanamke mzima, mke wa rafiki yangu, kwamba kiti kinaogopewa kisivunjike akikikalia? Wewe ungenielewaje?"

"Ningekuzaba kibao."

"Umeona, Daktari? Si nilikwambia?" Akashusha pumzi. "Nikasema, akiliona tunda ataelewa. Na nilipolikuta kwenye stuli yangu nikaelewa kwamba nayo imegunduliwa kuwa ya kale. Nimeshamwambia mke wangu. Ameshawaambia wa kwaya."

"Stuli yako ya dukani!" akasema Norman. "Lebo ingali chini!"

"Mimi si mtaalamu."

Ndipo Akehurst akaeleza, na kwa mara ya kwanza hakusema ahsante. Wakati wa baridi alikuja mtaalamu wa samani za kale kuvichunguza viti virefu vya ukumbi mkuu, vile ambavyo Beryl alikuwa amevilinda dhidi ya matako ya majaji na makanali. Mtaalamu akatikisa kichwa. Vyote vilichongwa Birmingham enzi za Malkia Victoria, kwa oda ya Lanthorne mmoja aliyetaka mababu wenye heshima kuliko aliopewa na Mungu. Alipomaliza, maskini yule alikuwa ameganda kwa baridi, akaulizia mahali penye joto, akapelekwa chumba cha lango. Akakaa. Akapitisha mkono chini ya mkono wa kiti. Akainuka, akaondoa mto, akakipindua kiti miguu juu, akapiga magoti.

"Ni cha askofu," akasema Akehurst. Sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye kanisani. "Kimechongwa mwaka ambao hata ukumbi mkuu ulikuwa haujaezekwa. Pengine alikuja kubariki kikanisa akakiacha. Hakuna kingine kama hicho kaunti nzima. Kitu pekee cha kale cha kweli katika ngome hii, ukiondoa kuta, kilikuwa kwenye ghala la makaa, halafu kikawa..."

"Chini yangu," akasema Beryl.

"Chini yako."

Desmond akakaa. Haikuwa kwa kusudi. Norman akaona amekaa, akakaa. Akehurst akafuata. Beryl akabaki peke yake amesimama, skonzi mkononi, anawatazama watatu wale kwa zamu. Hadithi ilikuwa nzuri mno. Hadithi nzuri mno huwa na mlango wa nyuma.

"Sasa chumba changu je?" akauliza.

"Chumba ni chako, Bi Beryl. Hakuna aliyewaza kukichukua. Tutakuletea kiti kutoka hapa mgahawani." Akehurst akasimama tena, na safari hii alisimama kama watu wanaosimama kabla ya wimbo wa taifa. "Ila kiti cha askofu hakiwezi kubaki humo, joto la hita linakipasua. Kitahamia kikanisani, penye baridi, kwenye jukwaa, na kamba, na taa. Na kitahitaji mlinzi wake. Tunampa cheo, Mlinzi wa Kiti. Askofu wa sasa atakuja kukizindua, watu wa gazeti watakuja, na mlinzi ndiye atakayehutubia. Norman atakubali kubadilishana nawe."

Norman alishapanda juu ya mawingu. Vidole vyake vilikuwa vinajipasha vyenyewe mezani.

Hapo Beryl akauona mlango wa nyuma. Hivyo ndivyo watu wa maana wanavyotolewa. Hawasukumwi, wanapandishwa cheo hadi mahali penye baridi. Hakujua kama Akehurst ana hila ama ni mwema tu. Kwa uzoefu wake vitu hivyo viwili hulala kitanda kimoja.

"Fikiria, Bi Beryl," akasema Akehurst, macho yamemlowa. "Askofu alikikalia mwanzo. Mwisho ukakikalia wewe. Karne zote hizo, na wewe ndiye mtu pekee aliye hai anayeweza kusimama mbele ya watu akasema amekijua kiti kile. Utawaambia nini?"

Beryl akamalizia skonzi yake, akafuta vidole.

"Kina msumari. Mpe Norman."